Foleni ya Silinda Sita

Siku malori yanapokwama mpakani Malaba, foleni hurudi nyuma kufuata barabara ya Bungoma mpaka Amagoro. Ukisimama hapo unaangalia foleni mbili. Ya pili imejificha chini ya kabini: silinda sita, moja nyuma ya nyingine. Howo, DAF, Scania nyingi, zote ndivyo zilivyo. Aliyewahi kuasi ni Mercedes Actros. Mwaka 1996 ilitoka na injini za V, kisha toleo la 2011 likarudi kwenye mstari kwa OM471 ya lita 12.8.

Siri ya mstari iko kwenye pistoni. Hupanda na kushuka kwa jozi, ya kwanza na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne, na jozi zimeachana nyuzi 120. Mtikisiko wa jozi moja unamezwa na zile nyingine, kwa hiyo injini inatulia bila shafti ya ziada ya kuituliza.

Magari madogo nayo yaliipenda. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally mwaka 1971 kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo, lenye silinda sita za lita 2.4. Baadaye zikaja Toyota Mark II na Cresta zenye injini za mstari za 1G na 1JZ, nyingine zikipita hapa hapa kwa transiti kwenda Uganda. Halafu mwaka 2004 Mark X ikaja na V6. Injini ya V ni fupi. Inaingia hata kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, na inaacha nafasi ya kubonyea ajali ikitokea. Mercedes, walioacha mstari kwenye injini za petroli za magari madogo miaka ya tisini, waliurudia mwaka 2017.

Sasa kuna kijana ana Peugeot 504 ya babu yake na anataka iruke. Achukue injini gani? Ya kisasa kweli kweli ni B58 ya BMW, ya mwaka 2015, ambayo hata Toyota waliiazima kwa Supra ya 2019. Tamu mno. Ila inakuja na kompyuta zinazotaka kujuana na giaboksi, funguo na dashibodi, na ukiing'oa kwenye gari lake utashinda na nyaya kuliko spana.

Mimi ningemwambia atafute 2JZ ya Toyota isiyo na turbo: bloku ya chuma, kipenyo milimita 86, mwendo wa pistoni 86, beringi kuu 7. Si mpya, ilianza 1991, lakini inavumilia. Apime kwanza. Injini ya mstari ni ndefu, radieta italazimika kusogea, na sampu ya oili hutofautiana kulingana na gari ilikotoka. Ikikaa vibaya itagonga fremu ya mbele.

Fundi hahitaji kumtafuta mbali. Aliyezoea kulala chini ya malori Malaba huenda hajawahi kuigusa 2JZ, lakini mpangilio wake wa kuwaka anaujua kwa moyo: 1-5-3-6-2-4. Ndio ule ule wa OM471, na ndio uliokuwa kwenye Datsun ya Mehta.