Ngamia Mia na Karatasi ya Bima

Msomaji, kama hujapata kufika Kinna, fungua ramani ya Kenya, utafute mji wa Isiolo, kisha upeleke kidole upande wa mashariki na kusini kidogo mpaka ukaribie Mbuga ya Wanyama ya Meru. Hapo ndipo penye Kinna, mji mdogo ambao wenyeji wake wengi ni Waborana, wafugaji wa ng'ombe, ngamia na mbuzi. Mnyama auzwaye mbali husafirishwa kwa lori, na lori hilo aghalabu huwa na tabaka mbili: mbuzi chini na watu juu, wameketi juu ya vyuma, wameshika kwa mikono miwili, vumbi limewapaka rangi moja wote.

Tuseme lori hilo limepinduka. Dereva alikuwa akienda mbio kuliko njia ilivyomruhusu. Mtu mmoja amekufa na mwingine amevunjika mguu. Ni nani atakayelipa, na kwa nini?

Jibu la kale la nchi hiyo halikungoja motokaa. Waborana wa Isiolo wengi wao ni Waislamu, na katika sheria ya Kiislamu mtu aliyeua bila kukusudia hulipa dia, ambayo kiasi chake cha asili ni ngamia mia. Lakini angalia sana neno hili: ngamia hao hawalipwi na mkosaji peke yake. Hulipwa na jamaa zake wa upande wa baba, ambao wanachuoni huwaita akila. Mtu mmoja atoa ngamia wawili, mwingine mmoja, mwingine nusu ya bei ya ngamia, hata mia ikatimia. Kesho mmoja wao akiteleza, wengine watamtolea yeye. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa wilaya za kaskazini walikutana Modogashe wakapatana juu ya malipo ya damu ili kuzima mapigano ya wafugaji: mifugo mia kwa mwanamume na hamsini kwa mwanamke. Msomaji wa kike atauliza kwa nini maisha yake yahesabiwe nusu, na swali lake ni la haki. Mahakama za serikali hazipimi hivyo. Huuliza marehemu alikuwa akipata nini, na akimtunza nani.

Sasa tuvuke bahari. Wengi hudhani kwamba Waingereza walikuja Afrika na sheria ya fidia iliyokamilika. Haikuwa hivyo. Mwaka 1808 bwana mmoja aitwaye Baker alikuja mbele ya jaji Lord Ellenborough na madai yake. Yeye na mkewe walikuwa wamepanda juu ya paa la gari la farasi, kama vile abiria wetu wa lori, nalo likapinduka. Mume aliumia; mke aliumia zaidi, akafa baada ya mwezi mmoja hivi. Jaji akasema kwamba mbele ya mahakama ya madai, kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kuwa ni hasara. Baker alipata pauni 100 kwa maumivu yake na kwa kukosa msaada wa mkewe mpaka siku alipofariki. Kwa siku zilizofuata, hakupata hata senti. Maana yake ni kwamba ilikuwa nafuu kuua kuliko kujeruhi! Mzee wa Kiborana angalisikia hukumu hiyo angalicheka, au angalilia.

Sheria hiyo ya ajabu iliondolewa mwaka 1846, siku ambazo gari la moshi lilikuwa limezidisha vifo, na Bunge la Uingereza likawapa mke, mume, watoto na wazazi wa marehemu haki ya kudai. Kenya ina sheria ya namna hiyo mpaka leo. Kisha ikaja motokaa. Mwezi wa Agosti 1896, huko London, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na motokaa akafa. Baraza la uchunguzi likaamua kwamba ni ajali tu. Baada ya miaka michache magari yakajaa njiani, na watu wakatambua jambo la kuhuzunisha: unaweza kushinda kesi ukarudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa aliyekugonga hana kitu. Ndipo mwaka 1930 Uingereza ikamlazimisha kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu atakaowadhuru, na Kenya ikafuata kwa sheria yake, ambayo sasa ni Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Hujulikana kuwa ni bima ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni, wa tatu ni wewe uliyekuwa ukipita njia bila habari na mapatano yao.

Ukitazama vizuri, kampuni ya bima ni akila ya watu wasiojuana. Kila mwenye gari hutoa kidogo, na mmoja akikosa mfuko wa wote hulipa. Tofauti ni kwamba jamaa wanakujua kwa jina la babu yako, na kampuni inakujua kwa karatasi.

Na hapo ndipo ilipo taabu ya abiria wa juu ya lori. Sheria hailazimishi bima kwa watu wanaochukuliwa ndani au juu ya gari, ila katika gari lichukualo abiria kwa nauli au kwa ajili ya mapatano ya kazi. Aliyekuwa akitembea kando ya njia akaangukiwa na lori yumo katika kinga hiyo. Aliyepewa nafasi juu ya mbuzi kwa hisani, mara nyingi husikia kampuni ikisema: hili ni gari la mizigo, wewe hatukujui. Akisema alilipa nauli, mabishano huanza upya mahakamani. Yaweza kuwa akapata hukumu juu ya mwenye lori mwenyewe. Kuipata fedha ni safari nyingine.

Lakini kabla ya fedha kuna ushahidi, na hapa nataka ukae nami kidogo. Katika kesi ya madai, mzigo wa kuthibitisha ni wa adaiye. Hatakiwi kuondoa shaka yote kama katika kesi ya jinai. Yatosha mizani ielemee upande wake. Wakati mwingine tukio hujisemea lenyewe: mwaka 1863 mahakama ya Uingereza iliamua juu ya mtu wa Liverpool aliyeangukiwa na pipa la unga kutoka dirisha la duka, kwamba mapipa hayaanguki bila uzembe wa mtu, basi mwenye duka ndiye ajieleze. Walakini magari hupinduka kwa sababu nyingi, na hakimu hutaka kujua ipi.

Fikiri basi ushahidi wa njia ya vumbi. Alama za magurudumu hufutwa na upepo kabla ya jioni. Lori huvutwa likaenda zake. Mchungaji aliyeona kwa macho yake huhama na mifugo kufuata malisho, na siku ya kesi hujui yuko kisima gani. Kinachobaki ni maandishi: taarifa iliyoandikwa katika kitabu cha kituo cha polisi, hati ya polisi itajayo gari, mwenyewe na kampuni ya bima, na fomu ya P3 aliyoijaza daktari. Aliyeona haya kuripoti, au aliyetulizwa kwa ahadi ya mbuzi wawili, hana kitu cha kumwonyesha hakimu. Tena kuna kisa cha jina. Sheria humhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka kinyume kithibitishwe. Na lori hupata kuuzwa mara mbili bila daftari kubadilishwa, mdai akashitaki mtu ambaye hajaliona lori hilo kwa miaka.

Muda nao hukimbia. Kesi ya jeraha lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3. Kampuni haifungwi na hukumu ila ikiwa ilipewa habari ya kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Na tangu mwaka 2006 sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa madai ya mtu mmoja; kinachozidi humwangukia mwenye gari.

Hata hivyo akila ya karatasi yaweza kufa. United Insurance, iliyokuwa na bima za matatu nyingi, iliwekwa chini ya usimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Waliokuwa na hukumu mkononi walikaa wakingoja. Ukoo haufilisiki kwa namna hiyo, ingawa ukame waweza kuumaliza.

Liko jambo moja zaidi, ambalo wenyeji wa Isiolo hawana haja ya kuambiwa. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilitunga Sheria ya Kinga. Ilizuia kesi yo yote juu ya mambo yaliyotendwa na watumishi wa serikali na askari kwa nia njema, au katika kazi ya kulinda usalama, katika sehemu za kaskazini, Isiolo ikiwamo, kuanzia tarehe 25 Desemba 1963 mpaka tarehe 1 Desemba 1967. Ndiyo miaka ya vita vya shifta, ambamo Waborana walikusanywa katika vijiji vya Garbatulla, Merti na Modogashe, na mifugo yao ikapotea kwa maelfu. Basi chukua ajuza wa Kinna aliyevunjwa mguu na askari mwaka 1966, na mjukuu wake aliyevunjwa mguu na matatu juzi. Mjukuu ataulizwa: shahidi wako ni nani, na hati iko wapi? Ajuza hakuulizwa.