Usiku wa Risasi, Asubuhi ya Shule

Hebu fikiria hii. Saa nane usiku, mlango unavunjwa, kelele, mtu mzima anapigwa, mwingine anabebwa. Chini ya kitanda kuna mtoi wa miaka saba. Asubuhi yuko darasani, sare imekunjana, homuweki hajafanya, anasinzia. Mwalimu hajui chochote, kwa hivyo anamsimamisha mbele ya wenzake.

Swali langu ni moja tu: usiku ule, nani alimwona huyo mtoto?

Kuna mji Marekani ulijiuliza swali hilo kitambo. New Haven, jimbo la Connecticut, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mihadarati na bunduki zilikuwa zimechoma mitaa ya watu maskini. Polisi walikuwa wanafika, wanaandika maelezo ya watu wazima, wanaondoka. Watoto wako tu hapo kwa kona, wanaangalia. Na cha kushangaza, Chuo Kikuu cha Yale kiko mji huo huo, kikiwa na kituo kizima cha wataalamu wa akili za watoto.

1991 pande hizo mbili zikaungana. Mkuu wa polisi, Nicholas Pastore, alikuwa tayari ameanza kuwarudisha maafisa mitaani kwa miguu, wajuane na wakaaji. Kutoka Yale wakaja Donald Cohen na Steven Marans. Maafisa wakaingia darasani kujifunza vile mtoto wa kila umri huelewa hofu na kifo. Wataalamu nao wakapanda magari ya polisi kwenda doria. Usiku wowote, afisa angepiga simu na mtaalamu angepatikana. Kila wiki walikaa pamoja kujadili kesi.

Polisi hakugeuka daktari, hapana. Alijifunza tu kuinama, kuongea na mtoto, na kumweleza nini kitafuata. Ni mambo madogo, lakini mpango huo ulifika miji mingine, kama Charlotte na Nashville.

Halafu 2013, Charleston, West Virginia, wakaja na kitu rahisi zaidi. Polisi akikuta mtoto kwenye tukio, anauliza jina na shule. Kabla ya masomo kuanza, shule inapata jina hilo na ujumbe mfupi: mshughulikie kwa upole. Hakuna maelezo ya kilichotokea, kwa hivyo hakuna udaku. Lakini mwalimu anajua leo si siku ya kumfokea huyu. Akisinzia, aachwe alale kidogo. Mtihani unaweza kungoja.

Sasa turudi nyumbani. Viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001. Namba 116 ya kusaidia watoto iko tangu 2006, na kuipiga ni bure. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili. Nyumba Kumi tunayo. Yaani vipande viko, hakuna aliyeviunganisha vikafika hadi kwa mlango wa darasa.

Na kuna jambo gumu zaidi. Machi 2020, wakati wa kafyu, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwa balkoni ya nyumba yao Kiamaiko. Watoto wa ploti hiyo walipaswa kumkimbilia nani? Karao? Ndio maana siwezi kuwaambia tuige New Haven kesho asubuhi. Wao walianza na kujuana mtaani, ndipo mengine yakafuata. Mtoto hawezi kutulizwa na mtu anayemwogopa, na uwajibikaji wa polisi ni sehemu ya hiyo tiba.

Lakini ule ujumbe wa maneno matatu haungoji bajeti. Mzee wa Nyumba Kumi ana simu. Mwalimu mkuu pia ana simu. Usiku ukiwa mbaya mtaani kwenu, mtu mmoja amjulishe mwalimu kabla ya kengele kulia, bila kutoa siri za nyumba ya mtu.

Na wewe unayesoma hii, kama uliwahi kuwa huyo mtoi chini ya kitanda: hukuwa mzembe darasani. Ulikuwa hujalala.