Uchakavu wa Kazi, Wala Si Kuungua

Imenifikia juzi karatasi ya mafunzo iliyoandikwa kwa ajili ya matabibu wa meno na wasaidizi wao, yenye nia njema isiyo na shaka, ambayo kichwa chake kinawaonya wasomaji wajihadhari na "kuungua kikazi"; nami, niliyelelewa katika lugha ambayo kiunguacho ni wali uliosahauliwa mekoni, nilikaa kitambo nikijiuliza ni moto gani huo uliozuka katika chumba cha kung'olea meno, na kwa nini wazima moto hawakuitwa.

Muradi wa neno la Kiingereza burnout wasomaji wanaujua: ni hali ya mtu ambaye nguvu zimemwishia, kazi imemkinaisha, na hata akitenda vyema haoni tena kwamba ametenda kitu. Mambo hayo matatu yametajwa na Shirika la Afya Duniani katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, na likaongeza kuwa hali hiyo ni ya kazini tu, wala haihesabiwi kuwa maradhi. Linalonishughulisha mimi ni jina.

Ama Waingereza nao hawakulipata neno lao katika vitabu vya tiba. Graham Greene, katika riwaya yake A Burnt-Out Case ya mwaka 1960, ambayo mambo yake yanatukia katika makao ya wakoma huko Kongo, alilitumia kwa mgonjwa ambaye ukoma umekwisha kumtoka baada ya kumla vidole. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, bingwa wa elimu ya nafsi mjini New York, ambaye jioni alikuwa akijitolea katika zahanati ya bure, alilitwaa neno hilo, lililokuwa likisemwa mitaani juu ya watu walioharibiwa na madawa ya kulevya, akawaelezea kwalo wenzake waliojitolea hata wakakaukiwa. Katika safari yote hiyo maana yake ilikuwa moto uliozimika kwa kuishiwa na kuni, ilhali kuungua kwetu ni kufikiwa na moto. Basi aliyefasiri hivyo amefasiri herufi, na maana ameiacha njiani.

Wapo wengine, watu wa busara zaidi, waliotosheka na "uchovu". Walakini uchovu huondoka kwa usingizi, na tabibu ninayemsema hulala usiku kucha, akaamka Jumatatu, akasikia mngurumo wa mashine ya hewa, akatamani umeme ukatike. Na wako wanaosema "msongo wa mawazo" kana kwamba ni jambo lilo hilo moja, hali msongo ndio chanzo, na uchakavu ndio mwisho wake. Kusonga ni kubana, kama zisongwavyo nywele. Dhiki, tuliyoipokea kwa Waarabu, asili yake ni wembamba wa mahali. Na neno stress la Waingereza linarudi kwenye neno la Kilatini la kukaza: lugha tatu zimekutana mahali pamoja pasi na kamati yoyote kuketi. Hilo "wa mawazo" tu ndilo limezidi. Mtazame tabibu wa meno kazini: shingo imepinda, bega moja juu, macho yamekazwa kwenye tundu dogo lenye mate na ulimi usiotulia, mkono mmoja umeshika kioo na wa pili chombo kizungukacho ambacho kikiteleza kidogo tu hukata nyama, mgonjwa ameng'ang'ania mikono ya kiti, na kwanza alipoingia alimwambia, bila ya kukusudia ubaya, kwamba hakuna mtu amwogopaye kama yeye. Huo msongo umo shingoni na mgongoni sawasawa na ulivyo moyoni.

Neno langu, basi, ni uchakavu wa kazi. Kuchakaa si kosa la kitu kichakaacho; ni matokeo ya kutumiwa sana na kutengenezwa kidogo, na humo ndimo muna kinga yake. Mabaharia wetu hukipandisha chombo pwani, wakakikwangua, wakakikalafati na kukipaka deheni, si kwa kuwa kimekwisha haribika, bali kisije kikaharibika baharini. Nalileta neno hili siku moja mbele ya wajumbe fulani wa istilahi, nikajibiwa kwamba linawavunjia heshima wataalamu. Na wajumbe hao hao, kabla ya chai kupoa, wakapitisha "kuungua". Yafaa wakumbuke kwamba istilahi ni neno la Kiarabu lenye shina moja na suluhu na maslahi: jina ambalo wenye kazi hawakuafikiana nalo ni amri tu.

Kuhusu matumizi, maneno machache yatosha: kujikinga na uchakavu wa kazi ni kuwapa wagonjwa saa zao badala ya kuwarundika wote asubuhi, kupumzika na kunyoosha mgongo baina ya mgonjwa na mgonjwa, kukalia kiti kilichosawazishwa, kuzungumza na wenzi juu ya mgonjwa aliyekutia hofu, na kwenda likizo ukaiacha simu nyumbani, na hayo yawahusu pia wasaidizi na mafundi wa meno ya bandia, ambao karatasi nyingi huwasahau.

Nawaomba basi matabibu wa meno waliandike neno hili katika barua zao kwa wakubwa wa kliniki na hospitali. Aambiwaye kuwa mtumishi wake ameungua atampa pole, akampeleka nyumbani. Aambiwaye kuwa mtumishi wake amechakaa hana budi kuulizwa alimtumia vipi.