Tarehe ya Maumivu na Dawa Zake katika Usubi na Bugufi

Nchi ya Usubi, ambayo msafiri John Hanning Speke aliipita mwaka 1861 na kukawizwa humo na mfalme Suwarora kwa madai ya hongo kabla ya kuruhusiwa kushika njia ya Karagwe kwa Rumanika, na nchi jirani ya Bugufi, iliyokuwa chini ya ufalme wa Urundi hata mipaka ya Wazungu ilipoiacha upande wa Tanganyika, leo zimo katika wilaya za Biharamulo na Ngara. Na mtu aliyezisikia mara ya kwanza mwaka 1994, wakimbizi wa vita vya Rwanda walipomiminika kwa maelfu juu ya daraja la Rusumo, aghalabu hudhani kuwa tarehe yake ilianza siku hiyo. Lakini maumivu yana tarehe iliyo kongwe zaidi ya vita, nayo ndiyo nitakayoifuata hapa: jinsi watu wa nchi hizi na jirani zao walivyoyatuliza, na jinsi ugonjwa mmoja wa huku ulivyochangia fikra ambayo watungaji wa dawa mpya za uvimbe na maumivu wanaitegemea mpaka sasa.

Zamani mwenye goti lililovimba au mgongo uliokataa kunyoka, iwe kwa kubeba mizigo ya misafara au kwa kutembea mpaka Buganda kutafuta ujira, alikwenda kwa mganga, na mganga alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilishika mahali panapouma: kuumika kwa chuku, kuchanja chale na kupaka dawa, kukanda kwa majani yaliyopashwa moto. Ya pili ilimtafuta aliyeyaleta maumivu, na hapo ndipo zilipoingia ibada za mbandwa, yaani za pepo wanaompanda mtu, ambazo Svein Bjerke alizieleza kwa tafsili katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya Wazinza wa jirani. Wasomi wa siku hizi hupenda kuicheka njia ya pili na kuisifu ya kwanza. Mimi naona ya kwanza yatosha kutustaajabisha, maana ilijua kuwa uvimbe hutibiwa pale ulipo, na kwamba si lazima kumlevya mtu mzima ili kifundo kimoja kipoe.

Bangi nayo ilikuwa imekwisha kuingia bara. Richard Burton aliitaja katika kitabu chake cha mwaka 1860 juu ya nchi za maziwa, na moshi wake uliandamana na misafara. Tabia yake ilijulikana na kila aliyeivuta, kwamba hupunguza uchungu wa mwili na papo hapo huchafua akili, na kwa sababu ya hilo la pili mataifa yaliitia katika mkataba wa Geneva wa mwaka 1925, ikatiwa tena katika mkataba wa mwaka 1961, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya inaikataza hata leo. Kuutenga uchungu na ulevi lilikuwa fumbo ambalo hakuna aliyeweza kulifumbua maadamu hakuna aliyejua mahali dawa inapoingilia mwilini.

Fumbo hilo lilianza kufumbuliwa kwa njia ya malale. Mwaka 1906 tabibu wa Kidachi Robert Koch alikwenda visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria linalopiga pwani ya Bukoba, akawadunga wagonjwa dawa ya aseniki iitwayo atoksili. Mwanzoni wengi walionekana kupata nafuu, vimelea vikatoweka katika damu. Kisha vikarudi, Koch akaongeza kipimo, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka macho, kwa kuwa sumu ile ilishika mshipa wa kuonea kama ilivyoshika kimelea. Wadachi wakafungua kambi ya wagonjwa Kigarama katika Kiziba, upande wa Bukoba, na waliolazwa humo wengi walikuwa wamepata ugonjwa walipokwenda Uganda kwa kazi na biashara. Baadaye, katika zama za Waingereza, malale yalifika Biharamulo yenyewe, na serikali ikawatoa watu katika maskani yao yaliyotawanyika porini, ikawakusanya katika makazi makubwa ili wamwepuke mbung'o.

Katika miaka ile ile ya Sese, Paul Ehrlich alikuwa Frankfurt akiwapa panya vimelea vya jamii ya malale na kuwatibu kwa dawa za namna ya atoksili. Akaona jambo la ajabu: vimelea vilivyozoeshwa dawa havikufa tena, na uzoefu huo ukarithiwa na vizazi vyao. Mwaka 1907 akahitimisha kuwa juu ya kimelea pana mahali maalumu ambapo dawa hushikamana, na mahali hapo pakibadilika dawa hupita bila ya kudhuru, mithili ya mgeni asiyeingia ila nyumba anamofahamika. John Langley wa Cambridge alikuwa amekwisha kusema maneno ya jamaa na hayo mwaka 1905, akitazama misuli iliyotiwa nikotini. Hivyo elimu ya vipokezi (yaani mahali hapo dawa inaposhikamana), ambayo leo hufundishwa kana kwamba ilizaliwa katika chupa za maabara za Ulaya peke yake, ina nasaba pia na ugonjwa uliowaua watu wa nchi za maziwa.

Yaliyofuata katika bangi yalikwenda polepole, kisha yakaenda mbio. Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni walikitenga kiini chake kileweshacho mwaka 1964. Mwaka 1988 Allyn Howlett na William Devane wakathibitisha katika ubongo wa panya kuwapo kwa kipokezi kinachokipokea, ndicho CB1. Mwaka 1992 ikagunduliwa kuwa mwili wenyewe hutengeneza kitu cha kukigusa kipokezi hicho. Na mwaka 1993 watafiti wa Cambridge wakakipata cha pili, CB2, ambacho hukaa zaidi katika wengu na katika chembe za kinga, yaani zile zinazokusanyika palipo na uvimbe. Tangu hapo shabaha ya watungaji wa dawa ikawa dhahiri: ama waunde dawa inayokigusa CB2 na kuiacha akili salama, ama waunde ya CB1 isiyoweza kuvuka kuingia ubongoni.

Shabaha kuwa dhahiri si kulenga. Rimonabanti, dawa ya unene iliyokizuia CB1, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2006 na ikaondolewa mwaka 2008 kwa sababu iliwatia baadhi ya watumiaji huzuni kuu na fikra za kujiua. Mwaka 2012 dawa iliyokusudiwa kukizuia kimeng'enya kinachovunja kanabinoidi, yaani vile vitu vya kugusa vipokezi vinavyotengenezwa na mwili wenyewe, ilijaribiwa kwa wenye maumivu ya magoti, isiwape nafuu kuliko kidonge cha bandia. Na mwezi Januari 2016, huko Rennes, Ufaransa, nyingine ya jamii hiyo ilimwua mmoja wa waliojitolea kuijaribu na kuwalaza wengine hospitalini.

Wakati huohuo habari ya kufurahisha ilitoka mahali tunapopajua. Mwaka 2008 Jürg Gertsch na wenzake walitangaza kuwa kariofilini, kitu cha harufu kilichomo katika karafuu, pilipili manga na bangi pia, hukigusa CB2 na kukiacha CB1. Panya waliolishwa kariofilini walipungua uvimbe wa nyayo, na panya waliozaliwa bila ya CB2 hawakupungua hata kidogo. Basi mkarafuu wa Pemba, ambao mafuta yake watu hutia jinoni tangu zamani, una kitu ambacho maabara inakitafuta; ingawa unyayo wa panya si goti la mkulima wa Murusagamba, Ngara, na aliye na akili hataacha dawa ya daktari akatafuna karafuu.

Kwa Kanda ya Ziwa shauri hili linagusa zaidi katika selimundu, ambayo huku imeenea sana, na ambayo huwatoa watoto Biharamulo na Ngara kuwapeleka hospitali ya Bugando, Mwanza, wakilia kwa maumivu ya mifupa. Mwaka 2016 watafiti wa Minnesota walionyesha kwa panya wenye selimundu kuwa vipokezi vyote viwili vina kazi katika kupunguza maumivu na uvimbe wao; mwaka 2020 jaribio dogo la mvuke wa bangi kwa wagonjwa wa Marekani halikuonyesha tofauti ya kutegemewa katika maumivu, ingawa hali ya hisia za wagonjwa ilionekana kufaidika. Dawa ya CB2 iliyopata idhini ya kuuzwa bado haijatoka popote. Ikitoka, na ikatakiwa kujaribiwa hapa, itapitia kwanza kwa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na TMDA, mamlaka ya dawa, na mgonjwa wa Biharamulo ataelezwa madhara yake na kuulizwa kama anaridhia, naye atakuwa na haki ya kukataa.