Nyumba Njema Si Mlango: Habari ya Umeme na Chembe za Damu

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango. Methali hiyo yatufaa leo, ndugu wasomaji, katika habari ya chembe nyekundu za damu, na ya mwalimu aliyetafuta njia ya kuzichungulia ndani pasipo kuzivunja.

Damu yetu ni maji yenye chumvi, nayo tone moja tu lina chembe nyekundu kwa mamilioni. Upana wa chembe moja wapata sehemu 7 au 8 za milimita iliyogawanywa mara 1,000. Mwisho wa karne ya 19 wataalamu walikwisha kuona kwamba maji ya damu hupitisha umeme vizuri, lakini chembe zenyewe hazipitishi. Umeme huzizunguka kama vile mto uzungukavyo mawe. Basi wakaulizana: je, ndani ya chembe hamna chumvi iliyo huru kubeba umeme? Au imo, ila imezuiwa na ngozi ya chembe? Kuipasua chembe hakukuwa jibu, maana mwingine angesema kwamba chumvi ilipata kuwa huru kwa kule kupasuliwa.

Rudolf Höber, aliyezaliwa mwaka 1873, alikuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Kiel, nchi ya Ujerumani. Tangu mwaka 1910 hata 1913 alifanya majaribio kwa umeme wa namna ile itumikayo katika redio, yaani umeme ugeukao huku na huku mamilioni ya mara katika sekunde moja. Akaona ajabu: rundo la chembe zilizokataa umeme wa polepole liliupitisha ule wa haraka!

Mfano wa ngoma utatusaidia kufahamu. Pepo haupenyi ngozi ya ngoma. Lakini ukiipiga, ngozi hutikisika, na hewa iliyomo ndani hutikisika nayo. Hakuna kilichopenya, walakini mwendo umefika ndani. Ngozi ya chembe nayo ni vivyo hivyo. Umeme ugeukao upesi hujilundika na kuondoka upande huu na upande huu wa ngozi, na chumvi ya ndani husukumwa na kuvutwa pamoja nao. Hivyo Höber alihakikisha kwamba ndani ya chembe iliyo nzima mna chumvi huru, na kwamba kizuizi ni ngozi.

Je, ngozi hiyo ina unene gani? Mwaka 1925 Hugo Fricke, mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi Cleveland, Marekani, alipima jinsi inavyoweza kushika umeme. Akapiga hesabu, akapata unene wa sehemu 3.3 za milimita iliyogawanywa mara 1,000,000. Mwaka uo huo, huko Leiden, nchi ya Uholanzi, Gorter na Grendel walitoa mafuta katika chembe za damu ya wanyama na ya watu, wakaona yatosha kuzifunika mara 2. Leo twajua kwamba ngozi hiyo ni tabaka 2 za mafuta pamoja na protini. Na katika hospitali nyingi kubwa ziko mashine za kuhesabu chembe za damu. Baadhi yake hutumia umeme wa haraka kupeleleza yaliyomo ndani ya chembe nyeupe.

Lakini mwalimu Höber yalimpata nini? Mwaka 1933 watu wa Hitler walishika serikali. Katika ukoo wake walikuwamo Wayahudi. Basi akafukuzwa chuoni. Mtu aliyewafundisha wenziwe kupima damu kwa haki alihukumiwa kwa jina la damu! Alikwenda ugenini, akapokewa Philadelphia, Marekani, akafanya kazi huko, akafa mwaka 1953.

Sisi wa nchi za Maziwa Makuu twajua maneno haya, «damu yetu» na «damu yao», yamechimba makaburi mangapi. Nabii Samweli naye, alipofika nyumbani kwa Yese, alikaribia kukosea kwa kutazama kimo na sura, hata Mungu akamzuia. Höber hakukubali kuihukumu chembe kwa ngozi yake. Alitafuta kwa saburi mpaka akajua yaliyomo. Ikiwa chembe ndogo hivi yastahili uangalifu huo, je, ndugu yetu tukaaye naye kijiji kimoja hastahili zaidi?