Kipozeo Kisicho na Maji

Kwenye gereji za Tabora husikii mtu akisema kipozeo. Kuna kulanti, kuna maji ya rejeta, na gari likizidiwa na joto wanasema limechemsha, basi. Neno hilo la mwisho linagusa kiini cha jambo kuliko anavyodhani anayelitamka, maana mara nyingi kinachoiangamiza injini ni kule kuchemka kwenyewe.

Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Sufuria ya maji jikoni huko huchemka kwenye nyuzi kama 96 za Selsiasi, si 100 kama ya Bagamoyo. Ndani ya rejeta mambo ni nafuu kidogo: mfuniko wenye springi hubana presha, na maji huvuka nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Kwa gari la kupeleka watoto shule hiyo inatosha kabisa. Kwa Subaru ya turbo ambayo kijana ameiongezea presha ili ikimbie barabara ya Nzega, haitoshi. Karibu na valvu za ekzosi chuma hupata moto kiasi kwamba maji yanayokigusa hugeuka mvuke hapohapo, huku geji ya dashibodi ikionyesha kwamba mambo ni shwari. Viputo vichache havina neno, tena husaidia kuondoa joto. Vikiungana vikawa utando, chuma kinabaki kimefunikwa na mvuke, na mvuke haubebi joto kama maji. Pale panazidi kuiva, petroli inawaka kabla ya wakati wake, injini inaanza kugonga, na mwisho wa hadithi ni gasketi ya silinda hedi.

Hapo ndipo kinapoingia kipozeo kisicho na maji. Ni glaikoli karibu tupu, imetiwa dawa za kuzuia kutu, na huchemka kwenye nyuzi 180 na zaidi hata bila presha. Kwa hiyo mvuke hauotei tena kwenye kona za silinda hedi, hozi hazivimbi, na ile chokaa inayoachwa na maji ya kisima haipo.

Wazo lenyewe si la jana. Injini za ndege za Rolls-Royce Merlin za mwanzo, miaka ya 1930, zilipozwa kwa glaikoli tupu. Baadaye wahandisi walirudi kwenye maji yenye presha, sehemu 70 kwa 30 za glaikoli. Sababu zao bado zina uzito: glaikoli inaweza kushika moto, na lita moja yake hubeba karibu theluthi mbili tu ya joto ambalo lita ya maji ingebeba. Tena ni nzito, pampu huisukuma kwa shida. Anayekuuzia dumu kwa kukuambia kwamba injini yako sasa itakuwa baridi zaidi anakudanganya. Itakuwa na joto zaidi kidogo. Kilichobadilika ni kwamba haitachemka.

Sasa jina. Kipozeo ni neno lililoundwa vizuri, kutoka kupoza, kitu cha kupozea. Ila mwandishi awe macho, maana akiongeza o moja injini itakuwa imepooza. Shida iko kwenye hiyo sehemu ya pili. Nimesikia watu wakisema kulanti kavu, na siipendi: kitu kinamiminwa kutoka kwenye dumu, ukavu wake uko wapi? Kipozeo kisichochemka ni jina tamu zaidi, ila linaahidi kupita kiasi, kwa sababu kila kimiminika kina nyuzi zake za kuchemka. Kuna wanaoona kwamba kukitaja kitu kwa kile kisichokuwa nacho ni uvivu wa lugha. Kwa kawaida ningekubaliana nao. Hapa sikubali, na sababu iko barabarani.

Toka Manyoni, pita Itigi kuelekea Tabora. Unakatiza nchi ambayo misafara ya Bagamoyo na Ujiji iliiita Mgunda Mkali, pori lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Wapagazi waliogopa maeneo ya namna hiyo kwa sababu ya kiu. Palipokuwa hakuna maji walitirikeza: waliondoka baada ya adhuhuri, wakalala pakavu na vibuyu vyao, wakayafikia maji kesho yake. Kila msafiri wa njia ile alijua kabla ya kuondoka ni wapi hapana maji. Ilikuwa habari ya kwanza kuulizia.

Leo lami ipo, na gari likivuja porini dereva husimama kijijini akaomba maji ya kuongeza. Utingo ataleta ndoo bila kuulizwa. Ndoo hiyo ndiyo inayoharibu kila kitu, kwani maji yakishachanganyika na glaikoli kiwango cha kuchemka kinashuka. Kampuni ya Evans ya Marekani, inayofahamika sana kwa bidhaa hii, hutaka maji yanayobaki ndani ya mfumo yasizidi asilimia 3. Jina lenye "kisicho na maji" linamkanya utingo kabla hajainamisha ndoo, jambo ambalo "kulanti kavu" haliwezi, kwa kuwa kitu kikavu mtu hutamani kukilowesha.

Kwa hiyo mwenye gari la namna hii abandike jina kamili kwenye mfuniko wa rejeta, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, na abebe akiba ya lita chache kwenye buti. Isiwekwe kwenye chupa ya soda: glaikoli ya ethilini ni tamu mdomoni na ni sumu, na kuna watoto. Akiishiwa kabisa katikati ya Itigi na Tura, aweke maji hayohayo ya kijijini, ajikongoje hadi mjini, kisha amwambie fundi amwage vyote, asafishe mfumo na kuanza upya. Ni gharama kubwa, lakini gasketi na silinda hedi ni ghali zaidi.