Ufito wa Babu

Land Rover ya marehemu babu, Series III ya petroli, ilikuwa imelala uani kwetu Magu kwa miaka mingi. Likizo iliyopita tuliiwasha. Spidomita ilicheza, lakini geji ya mafuta na geji ya joto hazikuinuka hata kidogo. Nikataka kuagiza geji mpya mbili.

Fundi akanizuia. "Mwanangu, zikifa mbili kwa pamoja, tafuta kinachoziunganisha."

Spidomita huzungushwa na kebo kutoka kwenye giaboksi, haihitaji umeme. Geji zile mbili hutegemea kifaa kimoja kidogo nyuma ya dashibodi, kinachopunguza umeme wa betri ya volti 12 hadi wastani wa volti 10, ili mishale isiyumbe injini inapobadili mwendo. Fundi akachomoa waya kwenye tangi, akaugusisha kwenye bodi kwa sekunde chache. Mshale ulipaswa kupanda hadi mwisho. Haukupanda. Akafungua dashibodi: kile kifaa hakikuwepo. Nyaya zake zilikuwa zimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

"Kiliungua," bibi alisema, "wakati ule wa foleni. Sabuni tu ilikuwa shida, seuze spea ya gari?"

Wakati huo ndio ninaoandikia tasnifu yangu. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 viliikausha hazina, bei ya mafuta ikapanda duniani mwaka 1979, fedha za kigeni zikaadimika. Magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana. Spea zilianza kurudi madukani baada ya 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Katika sura ya pili nilikuwa nimeandika kwamba magari ya wilayani "yalisimama".

Bibi akaniambia nitazame nyuma ya kiti. Nikatoa ufito mweusi, laini kwa kushikwashikwa, wenye alama tatu za kisu. Babu aliutumbukiza tangini kila asubuhi.

"Hii ya juu ni Mwanza na kurudi. Ya kati ni Kisesa."

"Na hii ya chini?"

"Hapo hakugusa. Hata kaka yake alipomwomba ampeleke msibani, alikataa, wakanuniana mwaka mzima. Yale yalikuwa ya mgonjwa wa kupelekwa Bugando usiku."

Fundi alipofunga kifaa kipya, mshale ulipanda hadi robo. Nikatumbukiza ufito. Petroli iliishia juu kidogo ya alama ya chini.

Usiku huo nilifuta neno "yalisimama". Mahali pake pamebaki wazi. Kwanza nataka kuwauliza wazee wengine wa Magu waliokuwa na magari: nani alipanda, nani alikataliwa, na mafuta ya mwisho yaliwekwa kwa ajili ya nani.